Lisbon wikendi ya Madaraka, mpango wangu uko sawa?

mkaaji_wa_umoja
Habari zenu. Niko na swali kwa wenye wamefika Lisbon ama wanaijua vizuri. Madaraka inaangukia Jumatatu, kwa hivyo mimi na mke wangu tunataka kutoka JKIA Alhamisi usiku tuwe tumerudi Nairobi Jumanne asubuhi. Mke wangu ni wa Malindi, amekulia karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, na tangu tuoane amekuwa akisema anataka kuona kwenye hao watu walitoka, ndio maana si Paris wala London. Nimepanga hivi, Ijumaa tukifika tupande ngome ya São Jorge, Jumamosi Sintra siku nzima, Jumapili ufuo wa Cascais na ile akwaria kubwa, Jumatatu asubuhi tupitie Belém tuone kaburi la Vasco halafu tuende eapoti. Inawezekana ama nimejaza sana? Na viza nianze kushughulikia lini?

nyayo_langata
Kaka hapo kuna shida moja kubwa, Jerónimos hufungwa Jumatatu. Hiyo ndiyo nyumba ya watawa yenye hilo kaburi, so mtasafiri hadi huko na shemeji akose kitu kimempeleka. Rudisha Belém Jumamosi, mfike kabla milango ifunguliwe juu foleni ya hapo si mchezo, na tiketi nunua mtandaoni mapema.

Viza unaomba Ureno juu ndiko mnaenda hasa, hata kama ndege inapitia Amsterdam ama Paris. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isipungue siku 15, lakini usingojee hizo siku 15, nafasi za kupeleka karatasi huisha haraka msimu ukikaribia. Bima ya safari lazima ikinge angalau euro 30,000. Pia kumbuka ukaguzi wa pasipoti unafanyika pale mnabadilishia ndege, si Lisbon, kwa hivyo usinunue tiketi yenye kasaa kamoja katikati hata kama ni ya bei poa.

mama_zainabu_southc
Ndugu yangu mkeo nimemwelewa kabisa, mimi ni wa Mombasa na nimekulia nikiiangalia Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, kwa hivyo Belém kwangu si mahali pa kupiga picha na kuondoka.

Mkiingia kanisani pale Jerónimos, kaburi la Vasco liko karibu tu na mlango, upande wa kushoto, na kulia ni la mshairi wao Camões. Halafu simameni muangalie nguzo zilivyochongwa kamba za meli na mambo ya baharini mpaka juu. Hiyo nyumba ilianza kujengwa 1501 kwa amri ya mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Uhindi. Sasa mkumbushe shemeji kwamba 1498 Vasco alikosana na watu wa Mombasa, ni Malindi ndiko alipokelewa vizuri na akapewa rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Bila huyo rubani sijui hadithi yao ingeenda vipi, na mule ndani hutaona mtu wa pwani yetu akitajwa. Hata ule mnara mkubwa ulio mtoni, wa 1960, umejaa wafalme, mabaharia na mapadre wao. Mimi iliniuma na bado ningerudi, juu ukishaona ile mali kwa macho yako ndio unaelewa walikuwa wakitafuta nini kwetu. Msiharakishe, pangieni siku nzima.

Jioni mteremke Mouraria, ndiko Waislamu walisukumiwa baada ya mji kutekwa 1147. Leo Rua do Benformoso imejaa hoteli za Wabangladeshi na chakula halali, bei inaeleweka. Karibu na hapo ni Largo de São Domingos, Waafrika hukutana pale hasa wa Guinea-Bissau, mtajisikia nyumbani kidogo. Ingieni kanisa la hapo, liliungua 1959 na mawe yake bado yana alama za moto.

kijana_ruaka
Naunga mkono ya Belém lakini Sintra msiiache jamani, treni kutoka Rossio ni kama dakika 40 tu na lile jumba la Pena la manjano na nyekundu juu ya mlima hamtaona kitu kama hicho tena. Waende Jumapili mapema warudi saa nane.

mama_zainabu_southc
@kijana_ruaka Sintra ni nzuri sikatai, lakini hawa watu wametoka kwa ndege usiku kucha na wana siku mbili kamili peke yake. Tiketi ya Pena ina saa yake maalum, ukichelewa kwa foleni ya basi la kupanda mlima saa zako zimepita. Cascais ndiyo naifuta kabisa, mtu ana ufuo wa Malindi aende kutafuta ufuo Cascais?

mkaaji_wa_umoja
Asanteni sana, nimembadilishia mpango na amefurahi kweli. Belém Jumamosi, Jumapili Mouraria na ule mtaa wa zamani wa Alfama polepole, Sintra tumeiacha. Sasa kitu kimoja, goti lake humsumbua na nasikia huko ni milima tupu. Na Jumatatu asubuhi tufanye nini?

nyayo_langata
Milima ipo na yale mawe ya barabarani huteleza mvua ikinyesha, abebe raba nzuri. Kwenda ngomeni msipande kwa miguu, kuna lifti ya bure Rua dos Fanqueiros inapunguza mlima, ama mchukue basi 737 kutoka Praça da Figueira linawafikisha mlangoni. Tramu 28 pandeni asubuhi sana pale Martim Moniz mpate viti, na simu ikae mfuko wa mbele, wezi wa mifukoni wanaipenda hiyo tramu. Hotelini wakiwawekea mkate na zeituni kabla ya kuagiza jueni mkila mnalipia, mkirudisha hamlipi.

Jumatatu nendeni Carmo, hiyo hufunguliwa. Ni kanisa lililobomoka kwa tetemeko la 1 Novemba 1755 na likaachwa hivyo bila paa, unaona mbingu kati ya matao. Na hapo nje uwanjani ndipo serikali ya kidikteta ilisalimu amri 25 Aprili 1974, mwaka uliofuata Msumbiji ikapata uhuru. Mkitoka chukueni metro ya kijani pale Baixa-Chiado, mbadilishe Alameda kwa ile nyekundu, inaenda hadi ndani ya eapoti. Teksi hamhitaji.