Re: Orodha ya wanachama inaonyesha + badala ya namba ya simu

Ndugu zangu habari, poleni na baridi. Jana usiku nafungua ukurasa wetu wa wanachama nipigie watu mchango wa msiba, nakuta kila niliyemwingiza mimi tangu Machi sehemu ya simu kuna + tu, namba hamna. Wa zamani wako sawa kabisa. Sijafuta kitu jamani, naombeni msaada haraka.
Mhazini

---

Shikamoo dada, pole na msiba. Namba zimo zote, nimeifungua ile faili ya JSON (namna ya kuandika taarifa ili kompyuta izisome) nimeziona. Wa zamani wameandikwa hivi:

"simu": ["+44 7..."]

wako umewaandika hivi:

"simu": "+44 7..."

Hayo mabano ya mraba ndo yanaifanya iwe arei, yaani orodha ya vitu kwa mpangilio, na skripti yetu (programu ndogo inayoonyesha ukurasa) inachukua kitu cha kwanza, simu[0], maana kwenye arei kuhesabu kunaanzia sifuri. Ikikuta arei inatoa namba nzima, ikikuta maandishi yasiyo na mabano inatoa alama ya kwanza tu, ndo hiyo + unayoiona. JSON hailalamiki kwasababu namna zote mbili ni halali, kwa hiyo hata ukiikagua faili itakwambia iko sawa.

Tafadhali dada kila mtu awekewe mabano, hata mwenye laini moja. Mwenye mbili tenganisha kwa koma, asiye na simu muachie [] usimruke. Mpangilio unabaki kama ulivyouandika, kwa hiyo ile anayopokea haraka itangulie. Na alama za nukuu zibaki, ukizitoa JSON inaikataa hiyo + mbele. Kingine, baada ya kitu cha mwisho ndani ya arei usiweke koma, hapo haharibikiwi mtu mmoja, orodha nzima haifunguki.

---

Marahaba mdogo wangu, Mungu akubariki. Nimeweka mabano kwa wote, yule wa mwisho nikaacha koma kwa kusahau ukurasa ukawa mweupe, moyo ukanipasuka, nikaitoa ukarudi. Kuna baba mmoja wa Slough, hapa Uingereza, namba yake ya Tanga ndo ilikuwa mbele, tunampiga siku mbili inaita tu, nimeipeleka ya pili na ya hapa ikaja mbele, kapokea saa hiyo hiyo. Naendelea kupiga, mwili unasafiri Alhamisi.
Mhazini