Batman anawatendea haki akina Robin na maskini wa Gotham?

Kijana wa Mburahati: Wakuu, nimerudia kusoma komiki za Batman za mwaka 1987 na 1988 na roho inaniuma. Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, ana pesa za kununua nusu ya mji wake wa Gotham, lakini usiku anavaa kinyago na kushuka uswahilini kuvunja mbavu za vibaka, wengi wao watu wa njaa tu. Na anakwenda na watoto wa watu! Robin ni jina la msaidizi wake mtoto. Wa kwanza, Dick Grayson, mtoto wa sarakasi, aliingizwa kazini 1940 matanga ya wazazi wake hayajaanuliwa. Wa pili, Jason Todd, Batman alimkuta kichochoroni anafungua matairi ya gari la Batman. Mtoto anaiba tairi ili ale, halafu unamvalisha kaptura ya kijani unampeleka kwa wenye bunduki? Nasema hapo hakuna haki. Mwenye hoja aje.

Sadiki M: Mkuu, unasoma nusunusu. Kuna Wayne Foundation, shirika lake la hisani, alilolitilia mkazo 1969, Dick alipokwenda chuo na Bruce akahamia katikati ya mji. Alianza na waathirika wa uhalifu, watu wasio na wa kuwasemea. Kuna Dk. Leslie Thompkins na kliniki yake palepale Crime Alley, mtaa walikouawa wazazi wa Bruce. Huyo Jason alipewa kitanda, shule na chakula cha moto. Akarudisha nini? Ukaidi. Watoto wa kuokotwa ndivyo walivyo, asante ya punda mateke.

Nasra wa Pongwe: Sadiki, hiyo ya watoto wa kuokotwa umeirusha kwa nani? Mimi nimelelewa kwa baba mdogo. Kabla ya shule nimeshapiga deki, nimeshajaza pipa maji, nimeshapeleka maandazi dukani. Siku nikivunja kikombe, wageni wa jioni wanasimuliwa nilivyoshuka kwenye basi na kandambili za rangi mbili tofauti. Chakula nilikula, sikatai. Kila tonge lilikuwa na masimango yake. Ndiyo maana namjua Batman. Jason alipokufa, sare yake iliwekwa kwenye kabati la kioo katika pango la Batman, maficho yake, na maandishi "Askari Mwema". Askari! Hakuandika mwanangu.

Sadiki M: Dada Nasra, pole kwa yaliyokukuta, ila sikukutaja. Mimi nyumbani nalea watoto wawili wa marehemu dada yangu. Ada natoa mimi, sare mimi, hospitali mimi. Wakinijibu jeuri nisiseme neno?

Nasra wa Pongwe: Sema, nani kakukataza? Lakini kaka yangu, hao wapwa zako wa damu ndio umetoka kuwaita punda hapo juu mbele za watu.

Sadiki M: Sijamwita mtu punda. Ile ni methali. Usinitilie maneno mdomoni.

Fundi Redio: Jamani mnapotea njia. Jason hakuuawa na ukaidi. Si alifia Bosnia, Joker, yule adui mkubwa wa Batman, akamlipua na bomu?

Mzee Katuni: Fundi, Bosnia ni ile filamu ya katuni ya 2010. Kwenye komiki ni Ethiopia, 1988. Mtoto alifunga safari kumtafuta mama yake mzazi, Sheila Haywood, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shirika la misaada. Kumbe mama anachota fedha za misaada, na Joker anajua siri yake, basi akamkabidhi mwanawe kwa Joker. Mtoto kapigwa mtaimbo mpaka basi. Na kufa kwake kulipigiwa kura na wasomaji kwa simu, senti 50 kwa simu moja: 5,343 afe, 5,271 aishi. Kura 72 tu! Hao waliotaka afe walikuwa na maneno hayohayo ya Sadiki, kwamba mtoto ni mkaidi na hana shukrani.

Sadiki M: Kwa hiyo leo mimi ndiye nimemuua Jason Todd? Mzee nakuheshimu sana, lakini hapo umevuka mpaka. Aliyeua ni Joker.

Fundi Redio: Na aliyempeleka mtoto kwenye vita na Joker ni nani?

Kijana wa Mburahati: Naomba turudi kwa maskini. Mnakumbuka kabla hajamchukua Jason alimpeleka wapi? Shule ya Ma Gunn, ya watoto wa mitaani, ambayo kumbe inawafundisha wizi. Mpelelezi bingwa wa dunia kakabidhi mtoto bila hata kuchungulia darasani! Kama angekuwa mtoto wa tajiri mwenzake, angefanya hivyo?

Nasra wa Pongwe: Na Stephanie Brown je? Baba yake mhalifu wa daraja la chini, hana ukoo wa kujivunia. Kapewa u-Robin 2004, kosa moja kafukuzwa. Akaenda kujithibitisha mwenyewe, vita ya magenge ikalipuka, jambazi Black Mask akamtesa, tukaaminishwa kafa. Kabati la kioo hakuwekewa. Wasomaji, hasa wanawake, walilalamika sana.

Sadiki M: Mbona Dick hamumtaji? Katoka salama, tangu 1984 ni shujaa kwa jina lake mwenyewe, Nightwing, anajitegemea. Malezi gani mabaya yanatoa mtu kama yule?

Mzee Katuni: Dick alitoka kwa kugombana naye. Na kisheria alikuwa mtoto wa kutunzwa tu miaka yote ile. Bruce alikuja kumfanya mwanawe kwa karatasi mtu ameshakuwa mzima, ana nyumba yake.

Sadiki M: Karatasi si kitu. Kwetu nani anaandikishana na mpwa wake?

Nasra wa Pongwe: Karatasi ni kitu, Sadiki. Baba mdogo alipofariki, ndugu walikaa kikao na mimi niliambiwa nisubiri nje. Wapwa zako umewaandika popote?

Sadiki M: Hilo ni la familia yangu, dada.

Nasra wa Pongwe: Basi hujawaandika. Nenda kawaandike wiki hii, halafu uje tuendelee na Batman wako.