Tupeane uzoefu: Mliwahimizaje wafanyakazi wenzenu kutunza kinywa na meno?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, ninasimamia masuala ya utumishi katika ofisi ndogo. Mwenzetu mmoja alikaa wiki nzima akimeza dawa za kutuliza maumivu, akiona haya kuomba ruhusa kwa ajili ya jino, hadi shavu lilipovimba na usaha ukamlaza kitandani. Niliumia sana, kwa kuwa tundu lile lingezibwa mapema lilipokuwa dogo. Tangu hapo ruhusa ya kumwona daktari wa meno tunaitoa kama ya ugonjwa mwingine wowote, hata kwa asiye na maumivu anayetaka kuchunguzwa tu. Naomba mliojaribu mengine mtueleze yaliyofaa na yaliyoshindikana.

Mchangiaji wa kwanza
Sisi tulianza vibaya. Msimamizi alibandika tangazo kuhusu harufu ya kinywa, na kila mtu akajua linamlenga nani. Mlengwa aliacha kuzungumza vikaoni, na akilazimika kujibu alifunika mdomo kwa kiganja. Baadaye tulifahamu kwamba alikuwa akipiga mswaki kila siku, ila fizi zake zilikuwa zimeugua kwa ukoga uliogandamana, ambao mswaki hauuondoi mpaka mtaalamu aukwangue kwa vifaa vyake. Nilikwenda kumwomba radhi kwa sababu nililiona tangazo lile nikanyamaza. Ikibidi mtu aambiwe, aambiwe faragha, na mtu anayemwamini.

Mchangiaji wa pili
Mimi ni wa zamu ya usiku kiwandani. Ili tusisinzie, tulikuwa tukinywa chai yenye sukari nyingi na soda, funda moja moja hadi alfajiri. Daktari wa meno aliyealikwa kutuelimisha alifafanua kwamba tatizo si wingi wa sukari peke yake, bali pia idadi ya mara tunazoionja: bakteria waliomo katika utando wa meno wakipata sukari hutengeneza asidi, na mate huhitaji takriban nusu saa au zaidi kuizimua, kwa hiyo anayepiga funda kila baada ya dakika 10 huyanyima meno yake nafasi ya kupumzika. Maelezo hayo yalitugusa kuliko mabango yote tuliyowahi kubandikiwa. Sasa chai tunaimaliza wakati wa mapumziko, sukari huwekwa kando kila mtu ajipimie, na mtungi wa maji ya kunywa umesogezwa karibu na mashine.

Mchangiaji wa tatu
Kwetu kila mtu aligawiwa mswaki, ikaishia kwenye droo, kwa maana sinki lilikuwa moja tu, tena mlangoni pa choo. Lilipowekwa jingine mahali penye staha, watu walianza kulitumia bila kuhimizwa.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Kuhusu miswaki, ninaona tusimlazimishe mtu: anayepiga mswaki mara mbili kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa yenye floraidi, bila kuruka ule wa kabla ya kulala, hana deni kazini. Anayependa kupiga mchana naye asubiri kama nusu saa akiwa amekunywa soda au juisi yenye uchachu, kwa kuwa asidi hulainisha tabaka la juu la jino kwa muda. Suala la sinki na la mtungi wa maji nitayawasilisha katika kikao cha Jumatatu.