Mrejesho: Nimepata koseti ya sendofu, Moshi

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kupata koseti (vazi la kubana kiuno, lenye vijiti ndani na kamba mgongoni) ya kupendeza, isiyobana pumzi na isiyozidi shilingi 50,000, ya kuvaa kwenye sendofu ya mdogo wangu. Niliyokuwa nimeinunua dukani ilinitesa: nilipoketi, vijiti vyake vya plastiki vilikunjika kiunoni, na ncha ya kimoja ikatoboa bitana na kunichoma ubavuni.

Nilifuata ushauri wenu nikaenda soko la mitumba la Memorial, ambako baada ya kupekua mitumba asubuhi nzima nilipata koseti nyeusi yenye vyuma vyembamba vya kusokotwa, vile vinavyopinda pamoja na mwili kila upande, kwa shilingi 18,000. Fundi alibadilisha bitana ikawa ya pamba, kwa sababu ile ya nailoni ilihifadhi jasho, akatia na kamba mpya, kwa shilingi 20,000.

Kiuno changu ni inchi 32, nayo koseti ikifungwa kabisa ni inchi 28. Niliikaza hadi 30 tu, nikaacha mwanya mgongoni, na ndipo nilipoelewa kwamba mwanya huo si kasoro. Dada uliyenisihi niizoeshe mwilini kwa saa moja moja jioni kabla ya siku yenyewe, nakushukuru kwa dhati, maana nilikula, nikacheza na kukaa ukumbini hadi saa sita usiku bila kuilegeza kamba hata mara moja.