Hivi ni nani aliyempa yule bwana SUMAKU?

Wakuu, nimeshindwa kulala. Naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, asiyetaka kelele apite uzi mwingine.

Mnamjua. Simtaji, ila kila aliyewahi kupeleka gari la zamani kwenye maonyesho hapa Arusha anamjua. Miwani ya jua hata akiwa ndani ya tenti, kaunda suti imenyooshwa mpaka inakata, na kitambaa cheupe cha kufutia vidole akishagusa gari la mtu. Jumapili kaja na jipya. Kaja na SUMAKU.

Nimetoka Karatu na Landrover 109 ya marehemu baba, pikapu, Series III ya 1972. Nimeiendesha mwenyewe: Rhotia, Mto wa Mbu, Makuyuni, Kisongo, mpaka getini. Haikubebwa. Gari lililokuwa jirani yangu uwanjani lililetwa juu ya lori, likashushwa kwa mbao, likasuguliwa matairi kwa mswaki, na jioni likapandishwa tena bila hata kuwashwa. Hilo ndilo lililopigiwa makofi.

La kwangu mlango wa kushoto ni kijani, wa kulia ni kijani kingine kabisa, maana ulitoka kwenye IIA, toleo la kabla ya Series III, iliyofia shambani kwa mjomba Oldeani. Grili ya plastiki ilivunjika zamani, tukafunga ya waya ya hiyo hiyo IIA. Madigadi ya mbele ina bonde alilolitia fahali. Injini ni ile ile ya petroli, lita 2.25. Betri ikigoma nachomeka hendeli pale mbele, nazungusha, inaitika.

Sasa sikilizeni. Mama yangu amekaa kiti cha mbele, kanga mapajani, anakunywa chai yake kwenye kifuniko cha chupa. Yule bwana anakuja. Shikamoo hakuna. Anabandika sumaku mlangoni, hapo hapo chini ya kiwiko cha mama yangu. Inaanguka. Anaiokota, anaibandika tena. Inaanguka. Anawageukia watu anapaza sauti: "Mlango mzima ni puti! Hapa hakuna bati!" Puti, yaani ile lipu ya kuzibia mabonde ya bodi, ambayo sumaku haiishiki. Watu wakaangua kicheko.

NI ALUMINI, JAMANI! Landrover ina bodi ya alumini tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo. Sumaku haishiki alumini! Angeibandika kwenye gari lililotoka kiwandani Solihull asubuhi hiyo hiyo, ingeanguka vile vile. Huyu mpe sufuria ya pilau, ataibandika sumaku atangaze kuwa ni puti. Alitaka dosari? Angelala chini akague chesisi. Ile ni chuma, ina kutu, na ningemwonyesha mwenyewe kila mahali nilipochomelea.

Narudia kwa waliochelewa: sumaku, kwenye alumini, mbele ya mama yangu, bila shikamoo.

Halafu akamalizia: "Magari ya kazi yanaegeshwa nje, huku ndani ni ya maonyesho." Gari la kazi! Kwani Landrover ilitengenezwa ifanye nini, ipambe sebule? Hili limebeba mbolea, limebeba magunia ya kahawa, limekimbiza wajawazito zahanati usiku wa manane, na limembeba baba mwenyewe siku ya mazishi yake. Sipaki rangi. Mwakani nakuja na vijani vyangu viwili vile vile na mama akiwa mbele.

Ila nataka jibu. Nani alimpa sumaku? Nani?

Gereji_Kichwani: Nilikuwepo. Mkuu umesahau kwamba mara ya pili ilibiringika chini ya gari, akapiga magoti na ile kaunda suti kuitafuta.

Bi_Tarakea: Alumini tuiache kwanza. Hakumwamkia mama? Mtu mzima amekaa na chai yake, hakumwamkia?

Mia_na_Tisa (mleta uzi): Hakumwamkia! Mama ndiye aliyemsemesha, "hujambo baba". Akajibu kwa kubandika sumaku.

Bi_Tarakea: Astaghfirullah.

Kijana_wa_Tengeru: Picha ziko wapi? Halafu mlango wa IIA, grili ya IIA, rangi mbili, hiyo si Series III mkuu, hayo ni makande. Yule bwana kakosea kifaa tu, hukumu ilikuwa sahihi.

Mia_na_Tisa: Makande yaliyoteremka mlima wa Manyara kwa breki zake yenyewe! La kwako lilifikaje?

Kijana_wa_Tengeru: Mimi sina gari. Nilikuja kuangalia.

Fundi_Mstaafu: Kwa faida ya vijana. Mlango wa Series fremu yake ya ndani ni chuma, ganda la nje ndilo alumini. Angebandika pembeni kabisa, pengine ingeshika kidogo. Chuma kingine ni chesisi, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. Huo ukuta ndio unaoliwa na kutu ukiwa umejipumzikia. Mleta uzi, kagua chini ya vile vidirisha vya hewa.

Mia_na_Tisa: Nitakagua, mzee wangu, shikamoo. Lakini yeye alibandika KATIKATI ya mlango.

Cruiser_Daima: Mngenunua Land Cruiser 40, sumaku ingeshika kila kona na saa hizi mngekuwa mmeshalala.

Fundi_Mstaafu: Marahaba mleta uzi. Wewe wa Cruiser, sumaku ingeshika wapi, kwenye matundu?

Bedford_ya_Babu: Nyie mnalia na mliingia ndani! Mimi na Bedford yangu tumezuiwa getini. Eti lori litaharibu nyasi. Nyasi zipi? Uwanja ule ni vumbi mpaka kwenye meno. Nimeshinda juani nje tangu asubuhi.

Gereji_Kichwani: Bedford ilizuiwa? Hiyo sasa ndiyo mada.

Bi_Tarakea: Na mishikaki je? Elfu mbili mmoja, ndani mbichi, na chenji unaambiwa subiri.

Kijana_wa_Tengeru: Hapo Bi Tarakea umenena. Chenji yangu sijapata mpaka leo.

Mia_na_Tisa: Wakuu, turudi kwenye sumaku.

Gereji_Kichwani: Kwani waliokuwa wanauza mishikaki ni akina nani? Si ni hao hao waandaaji?

Bedford_ya_Babu: Nje ya geti ilikuwa mia tano na imeiva vizuri, na pilipili ya kumwaga. Nilikula mpaka nikawasamehe.

Cruiser_Daima: Nje upande upi, wa daladala au ule wa kanisani? Mwenye namba ya muuzaji anitumie PM.