Sahihi ya Babe Ruth kwenye mpira wa besiboli: tutaihakikije?

Mkazi wa Ngamiani, Tanga: Wakubwa, shikamooni. Marehemu babu yetu, aliyekuwa baharia, alituachia mpira wa besiboli wenye sahihi ya Babe Ruth, yule mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, na sasa mnunuzi mmoja anatuharakisha tumuuzie. Tutajuaje kama sahihi ni ya kweli?

Jibu: Marahaba. Anza na mpira wenyewe kabla ya sahihi. Babe Ruth alifariki Agosti 1948, ilhali mipira rasmi ya American League, mojawapo ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, ilipigwa chapa ya jina la rais wa ligi, ambaye kuanzia 1931 hadi 1959 alikuwa William Harridge, kisha akafuata Joe Cronin. Ukikuta jina la Cronin, sahihi hiyo imeghushiwa, hata ingeandikwa kwa ustadi wa namna gani.

Mkazi wa Ngamiani: Ahsante sana. Chapa ni ya Harridge.

Jibu: Hilo pekee halitoshi, kwa kuwa Harridge aliendelea kuwa rais kwa zaidi ya miaka kumi baada ya kifo cha Ruth. Chukua kioo cha kukuzia uifuate mistari polepole: mkono uliozoea kutia sahihi hupita kwa kasi na mstari hukonda unapoishia, bali mghushi husitasita, na wino hujikusanya pale kalamu iliposimama. Kalamu za bolipeni nazo zilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945 tu, kwa hiyo sahihi ya bolipeni inayodaiwa kuwa ya kabla ya hapo itiliwe shaka.

Jibu jingine: Naomba sana msiusafishe mpira huo wala kuuanika juani. Upigeni picha kila upande, kisha mtafute maoni ya kampuni za ukaguzi wa sahihi kama PSA au JSA huko Marekani, mnunuzi asubiri.