Idadi ya wakimbizi wa ndani katika kambi moja: nifuate taarifa ipi?

Mkazi wa Njiro, Arusha:
Ndugu wadau, ninaandaa muhtasari kuhusu watu waliokimbilia kambi za kuzunguka Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, kabla waasi wa M23 hawajauteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025. Tatizo langu ni kwamba taarifa mbili za mwezi mmoja zinaipa kambi ileile idadi zilizoachana sana. Je, nichukue kubwa, ndogo, au wastani?

Mdadisi mstaafu, Moshi:
Ndugu yangu, wastani usiuguse, kwa sababu huenda namba hizo hazikupatikana kwa njia moja. Mfumo wa kufuatilia watu waliohama makwao wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ulioanzia Iraki mwaka 2004, kwa kawaida hutegemea watoa taarifa: mdadisi hukaa na kiongozi wa kambi, mwakilishi wa kina mama na pengine mhudumu wa afya, akauliza kuna kaya ngapi, kisha akakadiria idadi ya watu. Uandikishaji ni kazi nyingine kabisa, kwani huko kila mtu huandikwa kwa jina lake.

Kiongozi wa kambi anafahamu fika kwamba mgawo wa misaada hufuata idadi, na simlaumu sana akiongeza kidogo. Zipo pia familia zinazolala mjini kwa ndugu na kuonekana kambini siku ya mgawo tu. Nilipofanya kazi hiyo Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tulikuwa tukishapewa idadi tunapita safu chache za mahema kuhakiki, na tulichotazama kwanza ni mafiga: hema lisilo na majivu mapya wala dumu la maji mlangoni, mara nyingi halikuwa na mtu wa kulilalia. Kwa hiyo soma kwanza maelezo ya mbinu, ambayo wengi huyaruka, kisha nukuu kila namba pamoja na njia iliyoizaa.

Mchangiaji wa Sakina, Arusha:
Naongezea tarehe, si mwezi tu. Februari 2025 wakazi wa kambi kama Bulengo na Lushagala waliamriwa kuondoka na kambi zikabaki tupu ndani ya siku chache, hivyo takwimu iliyokuwa sahihi Januari ilikwisha kazi upesi mno.

Mhandisi wa maji, Moshi:
Dada wa Njiro (kama ni kaka, uniwie radhi), tofauti hiyo inagusa mambo mengi kuliko jedwali lako. Viwango vya Sphere, yaani vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Kambi yenye vyoo 100 inatimiza kiwango ikiwa na watu 2,000. Wakiwa 3,000, kila choo kinabeba watu 30, na mfadhili anayeona namba ndogo ataamini kwamba hakuna haja ya kuchimba kingine. Weka namba zote mbili, kisha onyesha huduma inavyobadilika kwa kila moja. Majina ya viongozi wa safu na ramani ya mahema yao yasiingie kamwe katika muhtasari, maana wenye silaha nao wanasoma.

Mkazi wa Njiro, Arusha:
Nashukuru sana. Taarifa moja ni ya uandikishaji na nyingine ya watoa taarifa, na zimepishana wiki tatu. Nitaziweka katika safu mbili, kila moja na tarehe yake.